Barua Chini ya Chupa ya Chai

Jumatatu, 4 Machi

Mwanangu mpenzi, bosi wa mashuka,

Salamu nyingi kama nywele za kichwa. Si changu, cha mtu mwenye nazo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, maana tunalala nyumba moja na sina habari zako. Mimi ni mzima kabisa, tena natamba: jana nimemfunga Sajini drafti mara saba mfululizo. Polisi mstaafu mzima, mwenye masharubu, akavua kofia akasema, "Mzee, wewe ni balaa."

Haya, huo ni uongo. Sajini ndiye aliyenifunga mara saba, na kofia nilivua mimi. Si kwamba akili imepungua. Akili ninayo, na ya kumwazima yeye inabaki. Tatizo ni kete. Zake nyeusi na zangu nyekundu siku hizi zinafanana kama mapacha, nikajikuta nimekula kete yangu mwenyewe. Alicheka mpaka bandeji ya ule mguu wake ikafunguka. Nimemwambia anunue kete mpya, hizi zimepauka.

Chai iko kwenye chupa. Viazi viwili nimevifunga kwenye kitambaa, na uvile njiani, usivitembeze mjini kisha ukavirudisha kama juzi. Jumamosi ulirudi saa ngapi? Nilisikia mlango usingizini, nikasema "nani," ukasema "mimi," nikalala tena. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya wiki nzima. Hata watu walioachana huongea zaidi.

Wengine huandikiana barua kwa sababu mmoja yuko ng'ambo. Sisi tumetenganishwa na pazia moja na saa sita za barabara, tatu za kwenda na tatu za kurudi. Ukiondoka saa kumi alfajiri, mimi nimelala. Ukirudi saa tatu usiku, dawa ya presha imeshanipiga rungu. Jumapili unalala wewe. Basi tuendelee kuandikiana hivihivi chini ya chupa ya chai. Mkono huu umeandika vibao vya maduka miaka arobaini, hautashindwa kumwandikia mtoto.

Baba yako,
bingwa wa drafti, mstaafu


Jumanne, 5 Machi

Baba, shikamoo.

Hujambo? Umeamkaje, na presha inasemaje? Mimi sijambo. Nakuandikia ndani ya treni, karatasi iko gotini, nyuma ya fomu ya mashuka, na penseli yenyewe ni kipande. Usinilaumu mwandiko.

Baba, chai ya jana ilikuwa na chumvi badala ya sukari. Nimeinywa yote, nikidhani ni adhabu ya kuchelewa. Na herufi zako! Zinazidi kunenepa kila wiki. Barua moja kurasa tatu, kama unaandika kibao cha duka la nyama. Unafikiri mimi ndiye sioni?

Kazini ni yaleyale. Wodi zimejaa, mashuka yanashuka kwa mikokoteni, mimi niko kwenye mashine ya pasi, ile yenye mapipa mawili ya moto yanayozunguka. Ukilisha shuka huku, linatokea kule limenyooka kama karatasi. Inataka macho na mikono, basi. Lakini Jumamosi jioni nililala nimesimama ndani ya treni, nimeshika nguzo, nikapita stesheni yetu kwa stesheni mbili. Nikarudi kwa miguu. Ndiyo maana uliniuliza "nani" ukiwa kwenye usingizi wa pili.

Funga kifungo cha juu cha shati. Sajini aliniambia njiani kwamba juzi ulivaa shati ndani nje ukamwambia ni mtindo.

Mwanao


Ijumaa, 8 Machi

Mwanangu,

Marahaba, marahaba. Barua yako nimeipata na nimeisoma yote. Umeandika vizuri sana, hasa pale mwisho. Nimecheka.

Mimi sijambo. Chai naona unaimaliza, kwa hiyo naendelea kuipika vilevile, mkono wangu umepata.

Juzi nimekaa nikawaza habari za njia yako. Mimi kazi yangu ilikuwa hatua kumi na mbili kutoka kitandani, nilizipima. Nikichelewa kazini ilikuwa kosa la mama yako, Mungu amrehemu, kwa kuweka ndoo katikati ya njia. Nilikuwa napaka "KARIBU WATEJA" huku nasikia chungu changu kikichemka. Na Jumapili, unakumbuka? Wewe darasa la kwanza, umekalia debe la rangi ya bluu, na kile kitabu cha shule kilichopoteza jalada. "Baba, nisikilize!" Nikusikilize nini, ukurasa wa paka na kikapu mara mia? Paka ameingia kikapuni, paka ametoka kikapuni. Yule paka nilitaka kumnyonga. Lakini nilikusikiliza. Na mimi niliyeishia darasa la tatu, herufi nyingine nilizijulia hapo hapo, nikijifanya nakusahihisha.

Ukaniahidi, "Nikikua, Baba, nitakusomea wewe." Nikasema sawa, deni hilo. Haya, umekua, unawasomea mashuka.

Simu uliyoninunulia bado iko kabatini. Vitufe vyake ni kama punje za mtama. Ikiita naiacha ichoke yenyewe.

Baba yako


Jumatano, 13 Machi

Baba, shikamoo.

Natumaini hujambo. Leo naomba uisome barua hii umetulia, si huku Sajini anakusubiri barazani.

Jumatatu niliungua. Usishtuke, nimefungwa dawa, ni mkono wa kushoto, kuanzia kiwiko hadi karibu na kifundo. Nililala, Baba. Nililala macho yakiwa wazi, mbele ya mashine, mkono ukaenda na shuka. Mwenzangu alipiga kelele akazima. Msimamizi hakunifokea. Aliniuliza tu, "Unaamka saa ngapi?" Nikamwambia. Akasema, "Safari nyingine hautakuwa mkono tu."

Yeye ndiye aliyeniambia kuhusu chumba. Ni juu ya duka la fundi saa, dakika nne kutoka mlango wetu wa dobi. Kitanda kimoja, dirisha moja linalotazama ukuta, ngazi ishirini na sita. Nimekwenda kukiona wakati wa chakula. Ningeamka saa kumi na mbili, Baba. Jua likiwa limetoka! Nimesahau jua la asubuhi linaingiaje chumbani.

Lakini mwenye nyumba anapokea mtu mmoja tu, na wewe huwezi ngazi zile. Najua pia huwezi kuiacha karakana yako, wala nyumba aliyofia Mama. Kwa hiyo nikienda, nakwenda peke yangu, nitakuja Jumapili moja moja. Nikibaki, naogopa ile mashine. Nikienda, nakuogopea wewe. Nani atakusikia ukikohoa? Nani atakwambia shati limegeuka? Nimepima nikiwa kwenye treni, nimepima nikiwa kwenye basi, kila nikikaribia kazini naona niende, kila nikikaribia nyumbani naona nibaki.

Ana kwa ana nashindwa. Ukianza mizaha yako nami nacheka, na neno linapotea. Ndiyo maana naandika. Je, unakubali nihame? Ukisema hapana, nabaki, wala sitaligusia tena, wala sitakulaumu. Kusema kweli, Baba, sijui natamani useme lipi. Mwenye nyumba anataka jibu keshokutwa, Ijumaa. Niandikie neno moja tu, lakini liwe la moyoni.

Mwanao


Alhamisi, 14 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, mbavu tu zinaniuma kwa kucheka, nitakwambia.

Barua yako nimeisoma yote, mstari kwa mstari, hata nukta sikuiruka. Jibu langu ni NDIYO. Ndiyo kubwa, ya kupakwa kwa rangi mbili. Tena fanya upesi, usingoje. Jambo dogo kama hilo unaniandikia ukurasa mzima? Wewe ni mtu mzima, amua, usiniulize-ulize kama mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda chooni.

Sasa sikia kilichonivunja mbavu. Sajini amenunua kete mpya, za kijani na bluu! Nikamwambia, mzee, hizi ndizo mbaya zaidi. Akasema, "Basi tukacheze juani." Tumecheza juani, kanifunga mara tisa. Ameanza kunihurumia, na mimi huruma ya polisi siitaki, hata gerezani haipo.

Viazi leo ni vitatu.

Baba yako


Jumatatu, 18 Machi, alfajiri

Baba, shikamoo.

Naondoka. Nimefanya upesi kama ulivyosema.

Jana, Jumapili, kutwa nzima nilikuwa nangoja uniambie chochote. Begi langu nililiweka pale mlangoni makusudi, ulione. Umelipita mara ya kwanza. Mara ya pili umelipiga teke, ukasema "Nani kaweka gunia hapa?" ukaenda zako unapiga mluzi. Nikajua kwamba jambo lenyewe kwako ni dogo kweli.

Dawa zako za presha nimezipanga kwenye kisahani, kila siku na kidonge chake. Kuni ziko nyuma ya mlango. Chumvi ni kopo jekundu, sukari ni kopo la manjano.

Kila Alhamisi Sajini anakuja hospitali kufungwa mguu. Ukitaka kuniandikia, mpe yeye, dobi iko nyuma ya jengo la dawa.

Ubaki salama, Baba.

Mwanao


Jumanne, 19 Machi

Mwanangu,

Salamu. Uko mzima? Chai ya jana umeiacha. Nimeitikisa chupa, imejaa hadi shingoni. Viazi navyo vimelala kwenye kitambaa chao kama watoto wachanga. Umekula kazini? Au ni ile chumvi tena? Ndiyo, Sajini ameniambia kwamba ulimlalamikia. Mbona hukuniambia mwenyewe?

Nimeona umeacha karatasi. Nimeisoma. Nzuri sana. Nitakujibu vizuri nikipata nafasi.

Jana sikusikia mlango. Nilijilazimisha nisilale, nikajibana mkono, lakini dawa ilinishinda.

Baba yako


Jumatano, 20 Machi

Mwanangu,

Chai ya juzi, chai ya jana. Nimekunywa mimi, imepoa.

Barua yangu ya jana bado iko chini ya chupa. Hujaichukua. Una hasira na mimi? Nimekukosea nini?

Nimeingia upande wako wa pazia. Nimegusa kitanda. Shuka limekunjwa pembe nne, limenyooka kama umelipiga pasi kwa ile mashine yako. Viatu vyako nimevitafuta kwa mkono uvunguni, sijavipata hata kimoja.

Baba


Alhamisi, 21 Machi

Mwanangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakufikia ukiwa mzima kwenye makazi yako mapya. Mimi ni mzima wa afya. Anayekuletea ni Sajini, na nimemwapisha asiongeze neno lake, maana polisi akipewa ushahidi huutia chumvi.

Nimefurahi umefika salama. Ile NDIYO niliyokuandikia ni ileile, siibadilishi. Nilijua unahama, nilijifanya sijaona begi ili usije ukalia, maana ukilia pua yako huwa nyekundu na mimi huwa nacheka. Chumba kizuri. Dakika nne ni jambo kubwa. Mkono uutunze.

Huku nyumbani hakuna lililobadilika. Nalala, naamka, nafungwa drafti.

Baba yako


Jumatano, 27 Machi

Baba, shikamoo.

Hujambo? Alhamisi Sajini aliniambia hujambo, lakini alikuwa anaangalia miguu yake akisema.

Mimi sijambo. Mkono unapona, ngozi mpya imeanza kuja, nyekundu. Siku nne za mwanzo nilikuwa nikitoka kazini nalala hadi asubuhi, hata nguo sivui. Siku ya tano nikaamka mwenyewe kabla ya saa, nikakaa kitandani, sina pa kukimbilia. Nikaanza kulia. Sikujua nalilia nini. Fundi saa chini alikuwa anafungua duka, saa zake zote zinagonga, kila moja na wakati wake.

Baba, nakuambia ukweli. Nilitaka useme hapana. Si kwamba ningebaki, sijui kama ningebaki. Lakini nilitaka usikie uchungu kidogo kabla ya kusema ndiyo. Miaka mitatu nimekwenda na kurudi njia ile ili tu niseme "mimi" unapouliza "nani." Wewe ukaandika ni jambo dogo, kisha ukaniambia habari za kete.

Sijui kama nitakuja Jumapili hii. Acha kwanza.

Mwanao


Jumapili, 7 Aprili

Mwanangu,

Hujambo mama? Leo sitaki utani, na hilo peke yake likuonyeshe kwamba mambo ni mazito. Pengine utani kidogo utaponyoka, unisamehe, ni kama chafya.

Sikuisoma barua yako ya chumba. Sikuisoma hata neno moja. Hii ya sasa naiandika nimebana rula kwenye karatasi, mkono unatembea juu yake, nikimaliza mstari naishusha upana wa kidole. Herufi mkono unazijua wenyewe, umezifanya miaka arobaini. Lakini kusoma kunataka macho, na macho yangu yameniaga, mwanangu. Yalianza kuondoka taratibu, pembeni pembeni, kama mgeni anayetoroka harusi bila kuaga. Herufi za kibao naziona bado, juani, nikizisogelea. Penseli yako nyuma ya fomu ya mashuka ni ukungu tu. Tangu mwaka jana ni ukungu.

Ungeniuliza kwa nini sikusema. Ulikuwa unaondoka saa kumi na kurudi saa tatu. Ningekuongezea na kipofu? Nikasema nitadanganya kidogo mpaka yatengemae. Barua ikija naipapasa, nanusa, najibu kwa kubahatisha. Mara nyingi nilipatia! Ile ya chumba nilidhani unaniuliza kama umwite fundi wa lile bati linalovuja, maana Jumapili iliyotangulia ulililalamikia. Nikasema ndiyo, fanya upesi, jambo dogo. Begi nililipiga teke kwa sababu sikuliona. Mluzi nao ulikuwa wa kuficha kidole cha mguu kilichokuwa kinawaka moto.

Siku tatu nilikupikia chai na ulikuwa umeshahama. Alhamisi ndiyo nikamwita Sajini nikampa karatasi mbili, ile ya chumba na ile ya kuondoka. Akasoma amesimama, kifua mbele, kama anamsomea mshitakiwa mashitaka yake. "Je, unakubali nihame." Nikamwambia hebu rudia. Akarudia. Kisha akavua kofia akaiweka juu ya ubao wa drafti, hatukucheza siku hiyo. Yale niliyokuandikia siku ileile, kwamba nilijua, yalikuwa uongo mtupu. Nilidhani ni heri uniite mkorofi kuliko uniite mzigo.

Barua yako ya mwisho nayo Sajini alinisomea. Uchungu ulioutaka nilikuwa nao, mama. Ila ulichelewa siku saba.

Sasa sikia. Alhamisi iliyopita nilikwenda na Sajini huko hospitalini kwako. Tuliondoka saa kumi alfajiri, saa yako. Tukatembea hadi kituoni, yeye anachechemea, mimi nimemshika bega, ungetuona ungedhani ni mnyama mmoja mwenye miguu mitatu mizima. Kupanda basi. Treni, tumesimama. Lile daraja la ngazi, kupanda na kushuka. Treni tena. Mimi miaka mitatu nilikuwa nikiulizwa nasema, "Binti yangu amekwenda kazini." Maneno mepesi. Kumbe ndani yake mna daraja, mna baridi, mna watu wanaokukanyaga wala hawakuoni. Tuliporudi nililala siku mbili. Wewe ulikuwa unarudi na kesho yake unakwenda tena, mara sita kwa wiki, na chai yangu ya chumvi tumboni.

Daktari wa macho ni kijana, akanimulika tochi kama amemfumania mwizi. Akasema, "Mzee, ungekuja miaka mitatu iliyopita." Nikamwambia miaka mitatu iliyopita nilikuwa naona, ningekuja kufanya nini? Akacheka, lakini si sana. Kilichoondoka hakirudi. Kilichobaki kina matone ya kutia asubuhi na jioni. Sajini ananitia; lengo lake ni baya, nimekwisha kunywa matone mengi kwa pua.

Kisha tukapita nyuma ya jengo la dawa. Nilijua tumefika kabla hajaniambia. Harufu ya ile sabuni, ndiyo hiyo iliyokuwa ikipita nyumbani alfajiri. Miaka mitatu nimekuwa nikikujua kwa harufu. Nikasimama chini ya dirisha. Mashine zinanguruma. Halafu mtu akacheka ndani, kicheko kirefu, cha mtu aliyelala akashiba usingizi. Sajini akasema, "Ni yeye." Nikamwambia najua, nilimtengeneza mwenyewe.

Sikuingia. Ningeingia nimeshikwa mkono, ungeniona, na jioni yake ungefunga begi ukarudi nyumbani. Nakujua. Kicheko kile sijakisikia tangu uanze kazi. Nyumbani hukuwa na muda wa kucheka.

Kwa hiyo nakuambia la moyoni, kama ulivyoomba. Ningeweza kusoma barua yako siku ile, ningesema hapana. Ningesema baki, nani atanisikia nikikohoa, na ungebaki, na ile mashine ingekungoja. Macho mabovu yamekujibu vizuri kuliko moyo wangu. Usirudi. Nakukataza kama baba, na ni mara ya kwanza nakukataza kitu tangu ulipotaka kunywa rangi. Sajini amehamisha godoro lake kuja upande wako wa pazia. Anakoroma kama anapiga kwata, na wali wake unauhoji kabla ya kuumeza, lakini nikikohoa anauliza "nani," nasema "mimi."

Ila kuna jambo moja. Barua zako zote nimezitunza ndani ya lile debe la rangi ya bluu, nililisugua likawa safi. Nimezihesabu kwa vidole, ni thelathini na nane. Sajini alitaka kunisomea zilizobaki, nikamkatalia. Barua za mwanangu hazisomwi kwa sauti ya kituo cha polisi.

Na wewe nakudai. Ukurasa wa paka na kikapu, mara mia, kila Jumapili, sikusinzia hata siku moja. Ulisema ukikua utanisomea. Sidai mara mia. Nadai Jumapili moja, ukipata. Chai utapika wewe, tusije tukarudia yale ya chumvi. Usome polepole, maneno magumu usiyaruke. Anza na ile ya chumba, na ukifika pale unaponiuliza, nyamaza kidogo, nikujibu.

Baba yako